Kuhama ofisi ya kupanga bila kupoteza amana: mwongozo kamili

Wapangaji wengi wanaonung'unika kwamba amana yao imeliwa walihama vizuri tu. Meza zilitoka, kompyuta zilifika salama, hata sakafu ilifagiliwa. Kilichowaponza ni kudhani kwamba kutoa mizigo na kukabidhi ofisi ni kazi moja. Ni kazi mbili, na ya pili ndiyo ndefu: kukirudisha chumba katika hali inayotakiwa na mkataba, kisha kupata saini ya kuthibitisha hivyo kabla siku ya mwisho haijapita.

Kwa ofisi ndogo, anza miezi 3 kabla ya mkataba kuisha. Kama umechukua ghorofa nzima na kuigawa kwa patisheni (kuta nyepesi za kugawa vyumba), jipe miezi 6. Hatua zifuatazo ziko kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kwa hiyo usiziruke.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Karatasi

- Mkataba wa pango, viambatisho vyake na kila barua iliyoubadilisha baadaye.
- Ripoti ya hali ya ofisi siku ulipoingia, pamoja na picha. Kama hukuwahi kuandikiwa ripoti, tafuta picha zozote za siku zile kwenye simu za wafanyakazi na kwenye baruapepe.
- Barua za ruhusa ulizopewa ulipobomoa, ulipojenga au ulipopaka rangi.
- Orodha ya mikataba yote inayotaja anwani hiyo: umeme, maji, intaneti, usafi, ulinzi, bima, mashine ya fotokopi ya kukodi.

Vifaa

- Maboksi, utepe wa gundi, kalamu za maka, lebo za rangi 4, vifuko vya plastiki vya kuwekea skrubu.
- Bisibisi, drili, koleo, kikwangulio, puti ya kuzibia matundu, msasa, praima, rangi, rola.
- Tochi yenye mwanga mkali. Utaona kazi yake mbele.

Watu

Fundi umeme mwenye leseni, fundi wa viyoyozi, fundi rangi, wabebaji. Na juu yao mtu mmoja wa ofisini kwako mwenye kauli ya mwisho. Kazi hii ikiachiwa kamati, kila mtu atadhani mwenzake ameshampigia simu mwenye jengo.

## Hatua ya 1: Soma mkataba ukiwa na kalamu mkononi

Toa mambo haya na uyaandike kwenye karatasi moja: tarehe ya mwisho, muda wa notisi, namna notisi inavyopaswa kufikishwa, unachotakiwa kuondoa, unachotakiwa kuacha, masharti ya kurudishiwa amana, na malipo ya kukawia.

Namna ya kufikisha notisi huwaangusha wengi. Mkataba unaweza kudai barua iliyopokelewa kwa saini, na wewe ukatuma baruapepe ukaridhika. Kuna mikataba inayojihuisha yenyewe kama notisi haikufika kwa wakati, na hapo unajikuta na kipindi kipya cha kodi usichokitaka.

Kisha angalia maneno yanayoeleza hali ya kurudisha. "Hali ya awali" maana yake kila ulichoongeza kitoke. "Hali nzuri" ni mtego wa aina nyingine, kwani maneno hayo yanaweza kusomwa kwamba utengeneze hata kilichokuwa kibovu ulipoingia. Tafuta pia kama uchakavu wa kawaida umesamehewa. Zulia lililopauka njiani kwa miguu ya watu ni uchakavu. Zulia lililoungua kwa birika la umeme si uchakavu. Kama fedha zinazohusika ni nyingi, mlipe mwanasheria akusomee kifungu hicho kimoja tu.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kujibu, bila kufungua mkataba, ni lini, nini kinatoka na nini kinabaki.

## Hatua ya 2: Toa notisi, kisha omba ukaguzi wa mapema

Peleka notisi kwa maandishi na ubaki na nakala yenye saini na tarehe ya mpokeaji. Humo humo omba mkague ofisi pamoja wiki kadhaa kabla hujaanza kubomoa, na mwenye jengo akupe orodha ya maandishi ya anachotaka kiondolewe.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Huenda mpangaji anayekuja anazitaka patisheni zako jinsi zilivyo. Huenda jengo litakarabatiwa lote, na mwenye jengo akaona heri mkubaliane kiasi cha fedha badala ya wewe kupaka rangi kuta zitakazovunjwa. Hayo huwezi kuyajua bila kuuliza.

Lakini usiyatendee kazi maneno matupu. Mnangoja lifti, meneja wa jengo anakwambia, "Aa, hiyo patisheni iache tu, haina shida." Siku ya makabidhiano meneja huyo yuko likizo, na aliyekuja kukagua ameshika mkataba, si kumbukumbu za maongezi ya kwenye lifti. Jioni hiyo hiyo mwandikie: "Kama tulivyozungumza leo, patisheni ya chumba cha mikutano itabaki. Naomba uthibitishe." Asipothibitisha, hesabu kwamba itatoka.

## Hatua ya 3: Gawa vitu kwa rangi

Bandika lebo kwenye kila kitu kabla ya boksi la kwanza kufungwa. Kijani kinahama, njano kinauzwa au kugawiwa, nyekundu kinatupwa, buluu hakiguswi.

Fungu la buluu ndilo la kuangalia sana. Humo mna mali ya mwenye jengo (taa, mapazia, mitungi ya kuzimia moto, kabati za jikoni) na mali ya kampuni zinazokukodisha, kama mashine ya fotokopi na mtungi wa maji ya kunywa. Wabebaji hawajui cha nani ni kipi, wao hubeba.

Kwa vilivyofungwa ukutani, kama rafu za kujengea, usidhani kwamba kwa kuwa ulivinunua wewe basi ni vyako. Vilivyoshikamana na jengo mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo, isipokuwa mkataba useme vingine.

Vya njano vitangaze mapema. Meza na viti vilivyotumika huuzika polepole na kwa bei inayovunja moyo, na wiki ya mwisho utamlipa mtu aje avichukue.

## Hatua ya 4: Nyaraka na data

Hapa ndipo kosa dogo linapoweza kuzidi hasara ya amana nzima.

Karatasi. Muulize mhasibu nyaraka zipi sheria inataka zitunzwe na kwa muda gani, kisha zilizobaki zikatwekatwe. Tumia mashine inayokata vipande vidogo kwa pande mbili. Ile inayotoa utepe mrefu haitoshi, maana mwenye subira anaweza kuunganisha utepe ukasomeka.

Kompyuta na seva. Kwanza hakikisha nakala za akiba zipo, na zifungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiitegemee. Baada ya hapo ndipo ufute.

Kufuta faili na kumwaga kapu la taka hakuondoi data. Faili zinabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa diski za zamani zinazozunguka, programu ya kuandika juu ya diski yote mara moja inatosha kwa matumizi ya kawaida ya ofisi. Diski za SSD, zile za kisasa zisizo na kinachozunguka ndani, hazifai kwa njia hiyo, kwa sababu zina maeneo ya akiba ambayo programu ya kawaida haiyafikii. Hizo tumia amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji, au kama diski ilikuwa imesimbwa (data yake haisomeki bila ufunguo) tangu mwanzo, futa ufunguo wa usimbaji. Sumaku inaweza kuharibu data ya diski inayozunguka ikiwa na nguvu ya kutosha. Kwa SSD haifanyi lolote.

Onyo: ukiamua kuitoboa diski, itoe kwanza kwenye kompyuta. Drili ikigusa betri ya lithiamu, betri inaweza kuwaka moto hapo hapo.

Vinavyosahaulika. Mashine kubwa za fotokopi nyingi zina diski ndani, na humo mnaweza kuwa na nakala za ulivyochapisha na kuskani. Kabla haijarudi kwa mwenyewe, ingia kwenye menyu ya usimamizi, futa diski na kitabu cha anwani, kisha chapisha ukurasa wa uthibitisho kama mashine inautoa. Rudisha rauta na simu za mezani kwenye hali ya kiwandani. Chukua diski ya kinasa picha cha kamera za ulinzi. Pindua kibodi moja moja. Nenosiri limebandikwa chini ya mojawapo, nakuhakikishia.

Kazi imeisha ukiwa na orodha yenye nambari ya kila mashine, njia iliyotumika kufuta, tarehe na saini ya aliyefuta.

## Hatua ya 5: Huduma, bima na anwani

Mikataba ya intaneti, usafi na ulinzi ina notisi zake, zitoe sasa. Umeme na maji viache hadi siku ya makabidhiano. Kukata umeme siku ambayo meza zimetoka ni kumwachia fundi rangi giza, na mkaguzi hataweza kujaribu taa.

Bima isikatwe kabla funguo hazijapokelewa. Mwambie pia wakala wako kwamba ofisi itakaa tupu kwa muda, kwani bima nyingi hupunguza ulinzi kwa jengo lisilo na mtu.

Badilisha anwani benki, ofisi ya kodi, kwa msajili wa kampuni, kwa wateja na kwenye ramani za mtandaoni.

## Hatua ya 6: Kuhamisha vitu

Sehemu hii watu huiweza, kwa hiyo nitataja tu yanayokwamisha.

Weka miadi ya lifti ya mizigo na uulize saa zinazoruhusiwa, kwa kuwa majengo mengi hayataki wabebaji saa za kazi. Andika ubavuni mwa boksi, si juu; yakipangwa, juu hapaonekani. Skrubu za kila meza ziingie kwenye kifuko na kifuko kibandikwe kwenye meza hiyo hiyo. Friji izimwe na kuachwa wazi tangu siku moja kabla.

Kabla ya mzigo wa kwanza kutoka, piga picha korido, kuta za lifti na mlango mkuu. Mikwaruzo ya sehemu za pamoja hutozwa aliyehama karibuni, hata kama ilikuwepo tangu zamani.

## Hatua ya 7: Kurudisha hali ya ofisi

Anza juu ushuke chini: dari, nyaya, patisheni, kuta, sakafu. Vumbi huanguka, na ukianza na sakafu utaisafisha mara mbili.

Tahadhari kabla ya kugusa chochote. Kwenye majengo ya zamani, vigae vya dari, vigae vya sakafu na gundi yake vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake ni hatari kuvuta. Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2005, kwa hiyo hata huko majengo yaliyotangulia bado yanayo. Omba rekodi za jengo. Kama hazipo, usitoboe, usivunje wala usipige msasa hadi vipimo vifanyike.

Mjulishe pia meneja wa jengo siku za kupiga msasa. Vumbi laini huamsha vitambuzi vya moshi, jengo zima likatoka nje, na gharama ya king'ora cha bure ikaletwa kwako. Aombwe avizime vya eneo lako kwa muda, na kazi ikiisha ahakikishe vimewashwa tena.

Dari. Vigae vyenye madoa ya maji usibadilishe kabla hujajua maji yanatoka wapi. Doa jipya litatokea, safari hii kwenye kigae chako kipya. Vigae vingi vya dari ya kuning'inia ni vya milimita 600 kwa 600, lakini michoro hutofautiana, basi beba kimoja dukani.

Nyaya. Nyaya za mtandao ulizopitisha mwenyewe zitoe zote, mwanzo hadi mwisho. Kuzikata mahali zinapoonekana na kuacha zilizobaki darini ni ujanja unaojulikana; mkaguzi huinua kigae kimoja tu. Soketi za umeme ulizoongeza ziondolewe na fundi mwenye leseni, naye akuachie cheti au barua ya kazi.

Viyoyozi. Ukilazimika kutoa cha kwako, mtu asikate bomba. Gesi inayotumika kwenye vingi, R-410A, hupasha joto anga takriban mara 2,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, na nchi nyingi zinakataza kuiachia hewani. Fundi huivuta kwanza gesi yote ndani ya mashine ya nje au kwenye mtungi, ndipo hufungua bomba. Tundu la ukutani lizibwe kwa saruji na lisipitishe mvua.

Patisheni. Chunguza kilicho chini yake kabla ya kuvunja. Sehemu ambayo haikukanyagwa miaka yote itakuwa na rangi tofauti, au haina zulia kabisa. Kama zulia ni la vipande, toa vipande kwenye kona iliyofichika uvilete katikati, na vipya viweke konani. Vipya vya aina ile ile havitafanana na vilivyopauka. Kama patisheni ilisababisha vitambuzi vya moshi au vinyunyizio vya maji kuhamishwa, virudishwe na kampuni inayohudumia mfumo wa moto wa jengo. Fundi wako asiviguse.

Kuta. Kosa la kila siku: mtu anaziba matundu, anapaka rangi juu ya viraka tu, na jua likiingia ukuta una madoadoa kama chui. Fanya hivi:

1. Ng'oa plagi za plastiki zilizoshikilia skrubu ukutani. Isiyotoka isukume ndani ipite uso wa ukuta.
2. Jaza puti, iache ikauke kabisa. Itanywea, kwa hiyo jaza tena.
3. Piga msasa hadi kidole kisihisi ukingo.
4. Paka praima juu ya viraka, na kwenye ukuta wote kama ulikuwa na rangi nzito au nembo ya kampuni, la sivyo rangi ya zamani itachungulia.
5. Paka ukuta mzima, kona hadi kona, kwa rangi iliyotajwa kwenye ripoti ya siku ulipoingia.

Sasa chukua ile tochi. Iweke karibu ubapa na ukuta, mwanga upite juu ya uso wake. Kila kivimbe na kila shimo litatoa kivuli. Afadhali ulione wewe leo kuliko mkaguzi alione kesho.

Stika za vioo zipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kisha zivute polepole. Wembe utumike kwa kulaza, na usiutumie kabisa kwenye kioo chenye filamu. Kumbuka jina lako kwenye ubao wa mapokezi na getini. Halafu usafi wa kina: vyoo, jiko, madirisha, ndani ya droo zinazobaki.

## Hatua ya 8: Taka zisizofaa kwenye pipa la kawaida

Taa za mirija zisizo za LED zina zebaki. Zisivunjwe ili ziingie kwenye mfuko. Zipangwe nzima ndani ya boksi. Betri za UPS (kifaa cha kushikilia umeme unapokatika) nyingi zina risasi na asidi: zisimamishwe wima, ncha zizibwe kwa utepe wa gundi, zipelekwe kwa wanaozichakata. Tona, kompyuta na friji vivyo hivyo viende kwa wachakataji wa taka za aina hiyo.

Dai risiti inayotaja ulichokabidhi. Mzigo wako ukikutwa umetupwa kando ya barabara, bahasha zenye jina la kampuni yako ndizo zitakazoonekana kwanza.

## Hatua ya 9: Makabidhiano

Siku chache kabla, pita mwenyewe mchana kweupe ukiwa na mkataba na ile orodha ya mwenye jengo. Washa kila taa, fungua kila bomba, piga kila choo maji. Rekodi video moja isiyokatwa kuanzia mlangoni hadi chumba cha mwisho.

Hakikisha hakuna kitu chako kilichobaki. Hata kabati moja lililofungwa kwa kufuli linaweza kuhesabiwa kwamba bado unaikalia ofisi, na kodi ikaendelea kuhesabiwa.

Siku yenyewe, piga picha mita za umeme na maji, nambari ya mita na usomaji vionekane kwenye picha moja. Hesabu funguo, kadi za mlango, rimoti za geti na stika za maegesho mbele ya mpokeaji. Kisha andikeni hati fupi: tarehe na saa, idadi ya funguo, usomaji wa mita, hali ya kila chumba, na kasoro zozote pamoja na nani atazirekebisha na lini. Saini za pande mbili, nakala kwa kila mmoja.

Usiwaachie walinzi funguo bila saini ya anayehusika. Kama mwenye jengo hatokei, mwandikie siku hiyo hiyo ukiambatanisha video na picha, mtaje shahidi uliyekuwa naye, na mpe nafasi ya kupokea funguo kwa tarehe unayoitaja. Halafu zipeleke kwa njia ya kufikisha barua iliyoelekezwa na mkataba.

## Hatua ya 10: Kudai amana

Wiki hiyo hiyo andika barua: kiasi cha amana, akaunti ya kulipia, tarehe ambayo mkataba unataka irudishwe, na hati ya makabidhiano.

Ukiletewa makato, usibishane na jumla. Omba mchanganuo wa kila kitu, picha ya kasoro, na risiti au makadirio ya fundi. Angalia umri wa kinachodaiwa: zulia lililotumika miaka 8 lilikuwa limeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na kukulipisha bei ya zulia jipya ni kumnunulia mwenye jengo kitu bora kuliko alichokupa. Linganisha kila kasoro na ripoti ya siku ulipoingia. Zilizokuwepo tangu hapo zikatae kwa maandishi, moja baada ya nyingine, ukitaja namba ya picha. Zilizo zako kweli zikubali haraka, halafu udai salio lililobaki lilipwe sasa bila kungoja mabishano ya yale mengine yaishe.